Nani Amsalimie Mwenzake

...ameniona, haiwezekani awe hajaniona, kioo chenyewe kimechukua ukuta mzima kuanzia mlangoni mpaka kwenye kalenda, na ndani ya kioo hicho tumo vichwa viwili tu vya kunyolewa, changu na chake, vimechomoza juu ya mashuka meupe kama vichwa vya watu waliokwisha kuhukumiwa, yeye kiti cha dirishani, mimi kiti cha pembeni yake, ningeweza kumgusa kama mikono isingekuwa imefungiwa ndani ya shuka, na isitoshe yeye ndiye aliyeingia, mimi nilikuwa nimeshakaa, nimeshafunikwa taulo la moto uso mzima, na anayeingia ndiye anayesalimu, hilo halina mjadala, hata mbuzi akirudi zizini hulia kidogo ili wenzake wajue, naye aliingia akasema "Habari za hapa," nikamtambua kwa sauti kabla taulo halijatolewa, sauti ile ya kutokea puani, lakini "habari za hapa" si salamu, ni tangazo, umevisalimia viti, umeisalimia feni, hujamsalimia mtu... "Bosi, usitikise kichwa," anasema kinyozi wangu, sijatikisa kichwa, nimefikiri tu, kumbe kufikiri kwangu kunaonekana mpaka shingoni, haya, natulia, natazama mbele, na mbele ndiko aliko yeye, kwenye kioo, kidevu juu, macho yamenikodolea bila kupepesa, hana hata haya, miaka minne hatujapeana neno na bado ananitazama kama mtu anayesoma bei ya kitu dukani.

Na huyu si mpita njia, huyu ni kaka wa mke wangu, na kabla hajawa shemeji alikuwa mwenzangu, tulisoma falsafa darasa moja tukakaa chumba kimoja, kitanda cha juu na kitanda cha chini, yeye juu mimi chini, na taa ikizimwa tunaanza kubishana kuhusu wale wazee wa Kijerumani wa karne mbili nyuma, waliokaa wakajiuliza mtu anajijuaje kuwa ni yeye, na jibu lao, ukiliondolea maneno marefu, ni kwamba peke yako hujijui, lazima awepo mwingine, mtu kama wewe, akutazame, akuite, akukubali kwamba upo, ndipo nawe unaanza kuwapo sawasawa, na tatizo ni kwamba huyo mwingine naye anasubiri hilohilo kutoka kwako, basi mnakodoleana macho, kila mmoja anataka kutambuliwa na hataki kutambua, na hapo vita inazuka, vita ya kufa na kupona, nimelifundisha jambo hili miaka nenda miaka rudi, nalichora ubaoni, maduara mawili na mishale ya kwenda na kurudi, wanafunzi wananakili maduara bila kunitazama usoni, natoka darasani nikijiuliza kama nilikuwemo... na mawazo mengi ya maana kuhusu hayo maduara yalizaliwa kitanda cha chini, nasema hivyo bila majivuno, yalipanda juu kupitia godoro, yakapokewa, na baada ya miaka yakatoka yamekuwa kitabu, kitabu chake, jalada la kijani, na mbele kabisa ya kitabu kuna ukurasa wa shukrani, nikaufungua pale pale barazani nikiwa nimesimama, nikashuka mstari kwa mstari kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani, amemshukuru mama yake, amemshukuru mkewe, amemshukuru mkutubi, mhariri, daktari wake wa meno, ameishukuru mashine ya kahawa ya maktaba, mashine, kitu kinachokula sarafu na kutema maji ya uvuguvugu, mashine imetambuliwa, mimi sipo, nikarudia kutoka chini kwenda juu nikidhani nimejipita, sipo.

"Povu lisiingie puani, Bosi, pumulia mdomo," anasema kinyozi, napumulia mdomo, sasa nimeachama mbele ya shemeji yangu kama samaki, yeye yupo tu, kidevu juu... na kitabu nilikisoma, tena chote, tena kizuri, hapo ndipo roho iliponiuma zaidi, kingekuwa kibovu ningemsamehe siku hiyohiyo, nakifundishia mpaka leo, nimekivalisha gazeti ili wanafunzi wasione jalada, nasema "kuna mtaalamu mmoja anasema," mtaalamu mmoja, sitaji jina, na yeye hajui, na mimi nafurahi kwamba hajui, kisha nakasirika kwamba hajui, mke wangu anasema huu ni ugonjwa, asubuhi ya leo amesimama mlangoni ana kitana kichwani amesema, "Nyinyi wawili mnalipwa mshahara kufundisha watu kutambuana, na hamsalimiani," nikamwambia ni suala la kanuni, akasema, "Kanuni yako ikanyolewe ndevu, mama anataka picha ya familia saa kumi, na mkisimama tena mwisho na mwisho kama milingoti ya goli, mimi na wewe hatutarudi nyumba moja," na hakucheka alipoyasema hayo, nilimtazama nione kama atacheka, hakucheka, akatengeneza nywele zake, na mama mkwe naye alinipigia mwenyewe, sauti imekuwa nyembamba siku hizi kama uzi, akasema, "Baba, safari hii nataka wanangu wawe karibu karibu, picha iliyopita ilinibidi niikunje katikati ili niwaone pamoja," nikajibu "ndiyo mama," ningejibu nini, na nimekuja kunyoa nikiwa na nia safi kabisa ya kusimama karibu naye, nilichosema sitakifanya ni kuanza.

Maana tuseme naanza, tuseme namwambia "habari za siku," atasema "nzuri," basi, nimempa kila kitu nimepewa "nzuri," neno ambalo hata simu hulitoa bila mtu, au tuseme naanza na shikamoo, hapo ndipo pagumu, kwa kuzaliwa mimi ni mkubwa, si kwa mengi, kwa mvua moja ya masika, yeye husema alizaliwa kabla ya mvua hiyo na cheti chake kimekosewa, kwa hiyo shikamoo ni yake kunipa mimi, lakini kwa upande wa ukwe yeye ni kaka mkubwa wa mke wangu, aliyekaa kwenye mkeka siku ya mahari akanitazama mimi, mwenzake wa chumbani, kana kwamba ananiona mara ya kwanza, akaniuliza kwa sauti ya watu wazima, "Na wewe kijana unafanya kazi gani?" hali alikuwa amevaa soksi zangu, kwa hiyo kwa upande huo shikamoo ni yangu kumpa yeye, ndiyo maana hata tulipokuwa tukielewana tulikuwa tunaanza moja kwa moja na "aisee," na "aisee" ikishakufa hakuna pa kuanzia... "Profesa, tupunguze na hizi za masikioni?" hiyo ni sauti ya dada anayemnyoa, na Profesa ni nani, mimi natikisika, kinyozi wangu ananikamata kichwa, Profesa ni yeye, ameingia hapa leo kwa mara ya kwanza maishani, hajakaa hata povu kukauka, tayari ni Profesa, na mimi kinyozi huyuhuyu ananinyoa tangu duka halina mlango wa kioo, nimemweleza kazi yangu si chini ya mara kumi, ananiita Bosi, na Bosi anamwita kila mtu, anamwita muuza maji, nimemsikia akimwita Bosi mtoto aliyeletwa kunyolewa analia, na hapo ndipo wale Wajerumani waliona mbali, walisema hata ukishinda vita ukawa bwana, mwenzako akawa mtumwa, utambuzi wake haukushibishi, kwa sababu umetoka kwa mtu usiyemtambua, ni kama kupigiwa makofi na viti, unabaki na ubwana wako na njaa yako palepale, mimi nimekuwa Bosi humu miaka yote hiyo na sijawahi kutoka nimeshiba.

Basi nitampiga kwa macho, ndio uamuzi wangu, tukodoleane mpaka mmoja ashindwe, atakayeshusha macho ndiye atakayesalimu, na tazama wembe sasa unakuja shingoni kwangu, na dada yule naye ameuinua wa kwake shingoni kwake, vita ya kufa na kupona bwana, tena kwa vifaa halisi, Mjerumani angelipia kiingilio, namkazia macho, naye kanikazia, machozi yananijaa kwa sababu ya dawa ya ndevu, sipepesi, namkunjia uso, hajali, namwinulia nyusi moja, hajali, namtolea ulimi, kidogo tu, ncha, kati ya povu, mtu mzima na mvi zangu nimemtolea ulimi kaka wa mke wangu, na hajabadilika hata msuli, uso wake umetulia kama bakuli la uji uliopoa, mtu huyu ana roho gani, nimeshindwa, kweli nimeshindwa, ndipo macho yangu yenyewe, kwa kuchoka, yakateleza chini ya kioo, kwenye kile kirafu cha vichupa na vichanuo, na pale, kati ya pafu la poda na chupa ya spiriti, imekunjwa mikono kama mtu aliyelala, miwani.

Miwani yake. Ile minene kama vitako vya glasi.

Na bila miwani huyu mtu haoni, si kwamba haoni vizuri, haoni, chuoni asubuhi moja aliamka hajaivaa akalisalimia koti langu lililotundikwa nyuma ya mlango, akaliuliza limeamkaje, akalisubiri lijibu, akanuna lilipokaa kimya, kwa hiyo pale mbele yake kwenye kioo hamna mimi, kuna ukungu mweupe na kitu cheusi juu yake, kwa hiyo vita yote hii, macho, nyusi, ulimi, mungu wangu ulimi, nimepigana na nani, nimekaa hapa jasho linanitoka chini ya shuka nikipigania kuonwa na mtu anayetazama mvuke, nilikuwa bwana mimi na mtumwa mimi, na maduara yote mawili ya ubaoni yalikuwa mimi, mishale inatoka kwangu inarudi kwangu, na badala ya kuona aibu, maana nani wa kumwonea aibu, naona kitu kama upweke kimenikaa kifuani, kizito, cha kijinga, kwa sababu angalau nilipodhani ananidharau nilikuwa na mtu.

"Kwani Profesa, hivi wewe unaandika na vitabu?" dada anamuuliza, anamgeuza kidevu upande wa dirisha, naye anajibu kwa pua yake, "Nimeandika kimoja," "Kinahusu mapenzi?" "Karibu na hapo," jeuri, karibu na hapo anasema, "Watu walikipenda?" "Walikisifu. Walisifu jalada. Mkuu wangu wa kitivo alisema karatasi zake nzuri," dada anacheka, na mimi nimetega masikio kama paka, "Sasa huna raha kwa nini?" anamuuliza, "Nani kasema sina raha?" "Mashavu yako, mimi nayashika yote mawili," wembe unakwaruza, kisha anasema... anasema, "Nina shemeji yangu mmoja," na kinyozi wangu kachagua saa hii kunipaka povu mdomoni, "Nina shemeji yangu, tulisoma pamoja. Kitabu kilipotoka nakala ya kwanza kabisa nilimpelekea yeye, kabla hata ya mama. Nikasubiri. Mpaka leo hajaniambia neno. Si kizuri, si kibaya. Kaninunia moja kwa moja," "Basi hakukipenda," "Ndicho ninachokiogopa. Wengine wote walisema kizuri, sikuwahesabu. Huyo angesema kizuri, ningelala. Ni mbishi, hana adabu, anakula huku anaongea, lakini kichwa chake ndicho pekee nilichokuwa nakiona mbele yangu nilipokuwa naandika," anakula huku anaongea, mimi, ona, mtu ananitia machozi na kunitukana kwa pumzi moja, "Si ulimtaja basi, vitabu si huwa vina ukurasa wa asante?" anauliza dada, mwanamke huyu apewe kiti chuoni, swali langu la miaka minne kaliuliza na sega mdomoni, na yeye, "Nilimwandika nikamfuta. Wale wa kwenye shukrani ni watu niliokwisha malizana nao, nimewashukuru, kwaheri. Huyu ningemshukuruje? Hatujamaliza. Kuna hoja moja alinishinda tangu tukiwa vijana, mpaka leo nikioga namjibu," "Muulize basi yeye kwa nini kanuna," "Nitamuulizaje? Hanisalimii," "Msalimie wewe," "Mimi ni kaka mkubwa wa mke wake!" "Na kwa umri?" na yeye, kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayetoa rushwa, "Kwa umri ananizidi kidogo. Lakini hilo usimwambie mtu."

Ananizidi kidogo, amesema, mbele ya mashahidi, nilitaka niruke niangushe kiti, nilitaka nimpigie mke wangu, mama mkwe, ofisi ya vizazi na vifo, na hapohapo furaha ikaanza kuniwasha kama shati jipya, kwa sababu nimeipataje, nimeipata kwa kuidokoa, mtu kanitambua na hajui kama nipo, nimepokea mzigo wa mwenyewe kwa jina langu lakini sijatia saini, je, umefika, hapo hata Wajerumani wananiacha, wao walisema watu wawili wanatambuana pale kila mmoja anapojua kwamba mwenzake anajua, na sasa hivi najua mimi tu, nikinyamaza nitatoka hapa nimeshiba na yeye ataendelea kuoga akinijibu mimi nisiyekuwepo, atasimama kwenye picha kando yangu nikiwa na tabasamu la mwizi, na nikisema nimefedheheka, nimekaa nikisikiliza, na tena nitakuwa nimeanza, mimi, niliyeapa sianzi, mimi mkubwa, sasa ni mkubwa kwa kukiri kwake mwenyewe, ningemsubiri kwa haki kabisa mpaka kiama... kinyozi anaondoa wembe, anaupangusa kwenye kitambaa, hapa ni hapa, muda wa kupangusa wembe, neno gani, habari, hujambo, aisee, nachagua, napanga, na wakati bado napanga kitu kimenitoka chenyewe kama kwikwi, "Shikamoo."

Na yeye, bila kugeuka, wembe uko shingoni, macho kwenye dari, kwa upole wa mtu asiyejua anachopewa, "Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi," nikasema.

"Mimi nani?"

Na nikakwama, nakuapia, nimekaa na povu mdomoni nimekwama, kwa sababu yule Mjerumani wa kwanza kabisa, aliyesema falsafa yote ianze na Mimi, inajisimamisha yenyewe, haihitaji nguzo, yule mzee hakika hakuwahi kubisha hodi kwenye mlango wa watu wanaosema Kiswahili, angesema "mimi," angeulizwa "mimi nani?" na nusu ya vitabu vyake ingeishia hapohapo kizingitini, mimi nani, mtaalamu mmoja, Bosi, mwenye kitanda cha chini, hakuna hata moja linalofungua mlango, lipo moja tu, "Shemeji yako," nikasema, hata feni naona ilipunguza, nikaona kwenye kioo uso wa bakuli la uji ukianza kupasuka, kwanza nyusi, kisha pua, kisha masikio yakawa mekundu mpaka nyuma, "Tangu lini?" akauliza, "Tangu kabla yako," "Umesikia yote?" "Nimesikia mpaka la umri," "La umri sikusema," "Umesema," "Bosi!" "Profesa! Nitakukata!" wakafoka vinyozi, lakini yeye akameza mate, niliona koo linapanda na kushuka chini ya ule wembe, na akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia puani mwake, "Na kitabu?"

Na nilikuwa na neno tayari, kizuri, neno hilo limekaa kwangu miaka minne, limevalishwa gazeti, lilikuwa linakuja, liko ulimini, na kilichotoka ni, "Sura ya tatu umekosea."

"Nimekosea wapi?"

"Penye mtumwa. Umemfanya ashinde mapema mno. Zote zilizobaki nzuri sana, nazifundishia, lakini hiyo umekosea," na kifua kikawa chepesi kama mtu aliyevua viatu vinavyobana, na kutoka kiti cha dirishani, kuelekea dari, maana hakuna aliyeruhusiwa kugeuza shingo, ikaja sauti ya pua imejaa afya yake yote, "Umekosea wewe! Hukusoma rejeo la chini ya ukurasa!" "Rejeo la chini ndilo bovu zaidi!" "Umesema unazifundishia?" "Zote isipokuwa hiyo!" "Unaifundisha vibaya!" na vinyozi wawili wametushika vichwa kama watu wanaozuia mapapai yasianguke, sijanyolewa hata nusu, shavu la kushoto bado lote, povu limeanza kukauka linavuta ngozi, saa ya ukutani naona haijasogea kitu, yeye bado haoni ila ukungu na mimi bado nimefungwa mikono, na kinyozi wangu, wembe hewani, anatutazama kiooni mmoja baada ya mwingine, anauliza, "Kwani nyinyi mnajuana?" na nikawahi mimi, sikumsubiri, nikafungua mdomo povu likaingia lote, chungu, la sabuni, nikalimeza, nikasema, "Sana."